Boti Isiyotobolewa

Mzee alikuwa ametoboa vitu vingi katika maisha yake. Alitoboa kuta za majirani wasiojua kushika nyundo ili watundike picha zao za harusi. Alitoboa mikanda yake yote tumbo lilipopungua, na siku moja alitoboa bomba la maji la mtaa kwa bahati mbaya, watoto wakaoga bure mpaka magharibi. Lakini boti yake hakuwahi kuitoboa, hata kwa msumari wa kutundikia kofia. Kwa sehemu ilikuwa heshima kwa mkewe, na kwa sehemu kubwa zaidi, tuseme ukweli, ilikuwa woga.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo. Boti ile ilikatwa na yeye. Usishangae: boti ya faiba huanza ikiwa nguo. Ni vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyotandazwa juu ya umbo, safu juu ya safu, na kulowekwa gundi mpaka vikauke na kuwa vigumu. Mzee alijua kuchanganya gundi na kuipaka, lakini mkasi ulimshinda. Kitambaa alichokikata yeye kilitoka kama kimetafunwa na mbuzi. Kwa hiyo Fundi alivichukua vitambaa vile chumbani kwake, akavitandika juu ya meza ya kukatia, akapiga chaki na kukata kila kipande kwa kipimo, huku akimfokea mumewe aliyesimama mlangoni na kopo la gundi asije akalimwaga juu ya gauni la bibi harusi wa watu.

Alikuwa na sababu yake. Boti yao ya kwanza waliinunua kwa mtu, na mtu huyo alikuwa ameitoboa chini ili afunge sijui taa, sijui nini, kisha akaliziba tundu na kulipaka rangi. Siku moja tundu lile likazibuka katikati ya maji. Mzee alirudi jioni amekumbatia dumu tupu, midomo imebadilika rangi, meno yanagongana. Fundi alikuwa amekaa gatini tangu mchana bila kula wala kunywa, na alipomwona hakusema pole.

"Inayofuata naikata mimi," alisema, "nijue ni nini kilicho kati yako na maji. Na atakayeitoboa, nitamtoboa yeye."

Boti ikapatikana, ikavua, ikasomesha mtoto, ikazeeka pamoja na wenyewe. Tatizo lilipokuja halikuanzia kwenye boti, lilianzia kwenye vidole. Mzee alikuwa mvuvi wa mkono. Alishusha mshipi wenye chubwi, kipande cha risasi cha kuuzamisha, mpaka chini, akaulaza juu ya kidole cha shahada, na kidole kikamwambia kila kitu: hapa tope, hapa mchanga, hapa mwamba, hapa mwamba unakatika ghafla na samaki wamejibanza ukingoni. Kisha vidole vikaanza kufa ganzi, kuanzia nchani, polepole. Daktari alisema dawa ingezuia ganzi isizidi, lakini kilichokwisha kwenda kimekwenda. Mzee akawa anashusha mshipi na kusikia kimya. Alirudi na kapu tupu, akafanya mzaha kwamba samaki wamefunga ofisi. Aliporudi tena na kapu tupu, na tena, mzaha ukamwisha.

Akakaa nyumbani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na mume mzima anayeshinda ndani ni kama kabati lililowekwa katikati ya mlango. Alizipanga upya nyuzi za mkewe kwa ukubwa, wakati mkewe huzipanga kwa rangi. Alitia mafuta cherehani mpaka ikatema mafuta juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Fundi aliuma midomo, akafua kitambaa, akasema hakuna neno. Mkewe kusema hakuna neno ndiko kulikomtisha Mzee kuliko yote. Alijua akifokewa ni mzima. Akianza kuhurumiwa, basi.

Ndipo akakubali kumwuzia boti Magoti. Huyu alikuwa mvuvi mwenzake, na jina hilo alipewa na Mzee mwenyewe, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa magoti na hakwenda majini bila mto wa kupigia magoti. "Unakwenda kuvua au kulala?" Mzee alimtania kila asubuhi gatini, mbele ya watu. Yeye mwenyewe alipiga magoti botini nusu siku akivuta mshipi, kisha akainuka kama kijana, akajipigapiga magoti na kusema, "Chuma hiki, bwana!" Magoti angekuja kuichukua boti Jumamosi mchana. Mzee alikuwa amekwisha kutoa neno lake kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Alijua kwamba boti ikiondoka, yeye angebaki mzee wa kibarazani, wa kuwasalimu wapita njia na kuwauliza wanakokwenda, kwa kuwa yeye hana pa kwenda.

Ijumaa asubuhi binti yao akatokea na mkoba mgongoni. Alikuwa fundi wa simu mjini, na nyumbani walimwita Waya, kwa sababu tangu utotoni hakukiacha kifaa chenye waya bila kukifungua. Aliweka mezani kioo kidogo kama televisheni ya mwanasesere, na kando yake kidude cheusi kinachoenea kiganjani, chenye waya mrefu.

"Shikamoo, baba. Hii ni mashine ya kuonyesha samaki. Ilikuwa mbovu, mwenyewe akaniachia, nimeitengeneza."

"Marahaba. Samaki wa kuona kwenye kioo, mwanangu, hata gazetini wamo."

"Sikiliza kwanza. Hiki cheusi kiite sikio. Linapiga sauti kwenda chini, sauti inagonga chini inarudi, na kioo kinakuchorea: hapa tope, hapa mwamba, hapa samaki. Ni kazi ileile ya kidole chako, baba. Kidole kimechoka, basi tunakipa msaidizi."

Mzee alikitazama kile kidude kwa muda mrefu. Hakutaka kutumaini, maana aliona matumaini yamemchosha kuliko makasia. Lakini moyo haukuomba ruhusa, ukaanza kwenda mbio.

"Linafungwaje?"

"Kwa kawaida unatoboa boti nyuma, unatia skrubu..."

Chumba cha pili cherehani ilinyamaza. Haikupunguza mwendo, ilinyamaza tu, katikati ya mshono. Fundi akatokea mlangoni na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja.

"Rudia, mwanangu. Unatoboa nini?"

"Kwa kawaida, mama. Nimesema kwa kawaida."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uutoboe kwanza."

"Ni tundu dogo, Fundi," Mzee akajaribu, kwa sauti ya mtu anayeomba nyongeza ya mchuzi. "Linazibwa vizuri na..."

"Lile la kwanza lilikuwa kubwa?"

Waya alisubiri mama yake amalize kupumua ndipo akasema kwamba kuna njia nyingine. Kioo kingekaa juu ya ubao, na ubao ungebanwa na jiliwa, kile chuma cha kukaza, kwenye ukingo wa boti, hivyo jioni unaufungua na kurudi nao nyumbani. Waya wa umeme ungepita ndani, ukishikwa na vibanio vya kubandika kwa gundi. Na sikio lingegandishwa ndani ya boti, sakafuni, kwa silikoni. Sauti ingepenya faiba yenyewe mpaka majini. Boti isingepata hata mkwaruzo.

"Inapenya bila tundu?" Fundi aliuliza.

"Bila tundu, mama."

"Basi bandikeni. Sauti haina haja ya mlango, sisi tunazungumza humu ndani na jirani anasikia yote."

Walikwenda gatini baba na mwana, Mzee amebeba betri begani kana kwamba ni mtoto mchanga. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu. Waya alitaka kwanza wajaribu sehemu mbalimbali, lakini Mzee hakuwa na subira hiyo. Alijua anapotaka: pale pale katikati, anapopiga magoti, ili kila kitu kiwe mbele ya macho yake. Waya akasugua sakafu kwa msasa, akaifuta kwa spiriti, akamimina silikoni na kuligandamiza sikio taratibu, akilizungusha ili hewa itoke. "Sauti haipendi hewa," alieleza. "Ikikuta povu dogo tu, inarudi hapo hapo." Mzee akashikilia pumzi, kana kwamba hewa yenyewe ingetoka kwake.

Usiku ule aliongea sana. Fundi alimsikiliza akieleza juu ya miamba ambayo angeitembelea, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepanga kuwazuru ndugu. Alisema pia kwamba kesho angemwambia Magoti asamehe, biashara imevunjika. Fundi akamwambia alale, kesho haijaahidi mtu kitu.

Jumamosi asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Wakaisukuma boti majini, Fundi naye akaja, akasimama gatini na mwavuli wake na mfuko wake wa kazi, maana alikuwa na pindo za kumaliza. Waya akawasha. Kioo kikang'aa, kikaandika salamu zake, kikatulia. Kikachora rangi ya buluu tupu. Pale palipotakiwa kuwa na namba ya kina palikuwa na vistari viwili.

"Subiri kidogo, linatafuta," Waya akasema.

Wakasubiri. Waya akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akakagua waya kuanzia betri mpaka sikioni. Alizima, akawasha. Salamu zikaja tena, na buluu tupu, na vistari viwili. Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, na uso wake ukaanza kushuka kidogo kidogo, kama tanga lililoachiwa kamba.

"Halioni chini," alisema.

"Baba, ngoja..."

"Hata mashine haioni chini, mwanangu. Basi. Tusilazimishe. Magoti anakuja mchana, mwacheni achukue." Akainuka, akajipangusa suruali. "Ahsante kwa kujaribu. Umenifurahisha jana, na jana si kidogo."

Waya alikuwa ameinama, anagonga sakafu ya boti kwa fundo la kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji. Akagonga nyuma: ngo, ngo. Akagonga pembeni: ngo, ngo. Akagonga pale kwenye sikio, mahali pa baba yake. Sauti ikatoka butu. Akabonyeza kwa kiganja, na sakafu ikakubali kidogo.

"Mama," akaita bila kuinua kichwa. "Hapa chini kuna kitu. Si faiba tupu. Kuna kitu chenye hewa. Wewe ndiye uliyekata. Hapa uliweka nini?"

Fundi akaugeuza mwavuli wake, akautazama mpini.

"Mimi ninashona pindo," alisema.

"Mama!"

"Sponji," Fundi akasema haraka haraka. "Ni sponji. Si nyingi."

Mzee akamgeukia. "Sponji gani tena kwenye boti?"

"Ya godoro. La Waya, alipokuwa mdogo. Lilikuwa limekwisha kuwa dogo kwake, limekaa bure."

"Godoro langu!" Waya akapiga kelele. "Mlinitafutisha godoro lile mpaka nikalia, mkaniambia limeliwa na panya!"

"Panya ni mimi, haya, nisamehe. Nililikata likatosha magoti mawili, nikalitia ndani ya nailoni, nikalishona pande zote maji yasiingie. Baba yako alipokwenda kula, nikalilaza kati ya safu. Aliporudi akapaka gundi juu, akajisifu jinsi alivyosawazisha."

Mzee alitazama sakafu. Alitazama magoti yake. Ilimchukua muda kuliunganisha jambo lote, na lilipoungana uso wake ulibadilika rangi.

"Fundi. Miaka yote hii nawatambia watu kwamba nina magoti ya chuma!"

"Ni ya chuma, nani amekataa? Chuma juu ya godoro."

"Na Magoti nilivyomsimanga na mto wake! Mbele ya watu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeing'oa," Fundi akasema. Alikuwa ameacha kuchezea mwavuli. "Nilikwambia tuweke kitu laini cha kupigia magoti, ukasema boti ya mwanamume haina mto. Sikubishana. Lakini suruali zako nani alikuwa anazifua? Kila wiki naona magoti ya suruali yamelika, nikajua na ya ndani yanalika. Suruali nilizitia viraka. Wewe ningekutia kiraka wapi?"

Mzee alikumbuka asubuhi za baridi alizoinuka pale bila maumivu, akamshukuru Mungu kwa afya na kujisifu kwa nguvu zake, na hata siku moja hakumshukuru mwenye kazi. Alimpenda mkewe wakati ule mpaka akaona haya mbele ya mtoto. Akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Waya ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka boti ikatikisika, na Mzee naye akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka huku machozi yakimtoka, akayapangusa kwa mkono wa shati akasema ni jasho.

"Sasa, mama," Waya akasema alipopata pumzi, "kwa kuwa wewe ndiye mwenye ramani, tuambie ni wapi hukuficha godoro."

Fundi akavua viatu, akakunja gauni, akashikwa mkono na mumewe akaingia botini. Akatoa chaki ya kukatia kwenye mfuko wake. Hakupapasa wala hakufikiri. Alikwenda nyuma kabisa, upande wa kulia wa injini, akapiga duara sakafuni.

"Hapa. Nilirundika safu juu ya safu kwa ajili ya uzito wa injini. Hapana bitana, hapana ujanja wowote. Na hapa," akapiga msalaba upande wa pili, "msiguse, pana kiungo."

Safari hii Waya hakuharakishwa. Alichukua uzi wa kuvulia, akaupitisha chini ya sikio, akausukuma huku na huku mpaka silikoni ikakatika na sikio likabanduka bila kuacha jeraha. Akalitia kwenye mfuko wa nailoni uliojaa maji, akaufunga mdomo, akauweka juu ya duara la chaki ili wajaribu kabla ya kubandika. Akawasha. Salamu zikaja. Vistari viwili vikaja. Kisha vikaondoka, ikaja namba, na chini ya kioo ukajichora mstari mnene wa kahawia, ukipanda na kushuka kama njia ya kijijini.

"Hilo ni tope," Mzee akanong'ona. "Palepale ndipo lilipo. Na pale mbele linaanza jiwe." Kidole chake kisichohisi kitu kilikuwa kinaufuata mstari juu ya kioo. Juu ya jiwe kukatokea alama ndogo zilizopinda, moja, kisha kundi. "Na hawa?"

"Hao ndio wenyewe, baba."

Mzee akasogea karibu zaidi na kioo. Fundi akaweka mkono mgongoni kwake, akauacha hapo.

Walikuwa wamelibandika sikio kwa gundi mpya, na wamelisubiri lishike huku wakila nyumbani, Magoti alipowakuta wamerudi gatini. Alikuja na kamba mpya begani na mto wake kwapani. Mzee akamsalimu, akamwambia waziwazi kwamba boti haiuzwi. Kisha, kwa kuwa deni la maneno halilali, akamweleza na habari ya godoro, yote, hata ya panya. Magoti alisikiliza mdomo wazi. Halafu akacheka mpaka akautupa mto chini na kuukalia.

"Magoti ya chuma!" alisema akipangusa macho. "Mungu hamfichi mnafiki! Lakini ndugu yangu, sasa ndiyo uniuzie. Wewe unajidai mzima, mwenye kuhitaji boti ya godoro ni mimi. Naongeza bei, sema unachotaka."

Mzee akaitazama boti, kisha akamtazama rafiki yake. Hapakuwa na utani usoni kwake.

"Ndugu yangu, ingekuwa boti ningekupa. Hii ni nguo. Nilishonewa, nikapimwa mpaka palipokuwa pananiuma nami sikusema. Mtu hauzi nguo aliyoshonewa naye bado anaivaa."

Magoti akainuka kwenye mto wake. Akakohoa, akamgeukia Fundi na kumwomba, kwa adabu sana, siku akipata nafasi ampime na yeye. Fundi akasema alete kitambaa.

Mzee akaingia botini, akabana ubao wa kioo kwa jiliwa, akafungua kamba. Waya akampigia makofi. Fundi alisogea mpaka mwisho wa gati, mwavuli umefungwa mkononi, akayatazama maji yaliyokuwa yakipanuka kati yao, akamwita mumewe. Yeye akageuka.

"Nguo ikichanika nitaishona," Fundi akasema. "Wewe rudi tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akawasha injini.